Mwalimu wa Senene wa Anga

Nilimwonyesha kwa kidevu.

Sikunyoosha mkono wala kutaja jina. Mwenyekiti wa kijiji, Sosthenes, aliniuliza mbele ya watu wote Mwalimu yuko wapi, nami nikainua kidevu kidogo tu kuelekea banda la kahawa, kama unavyomwonyesha mgeni choo kilipo. Ilikuwa Jumapili, watu wametoka ibadani, wengine bado wameshika vitabu vya nyimbo. Jua lilikuwa kali. Kila sura niliiona vizuri, na kila sura naijua.

Walimtoa akiwa na maganda ya kahawa kichwani. Hakupigana. Wakati huo vijana wa Projestus, mnunuzi wa ndizi, walikuwa wameshaanza kulikata kwa shoka lile pipa kubwa jeusi lililokaa nyuma ya nyumba yangu. Mwalimu alipoona ufa umefunguka na jua linaingia kwenye maji, alisema maneno ambayo mpaka leo wanayacheka vilabuni: "Lifunikeni jamani, mwanga unaingia." Mtu anakaribia kuuawa, anahangaikia mwanga. Kisha pipa likapasuka ubavu mzima, na maji yakanizoa mimi niliyesimama karibu, yakanibamiza kwenye msingi wa jiko. Tangu siku ile mkono wangu wa kushoto haupandi kupita kifua. Nikiwa pale chini kwenye tope nililiona jiwe likienda. Lilimpata Mwalimu jicho la kulia.

Watakwambia ni umati. Umati hauna mkono. Jiwe lile lilirushwa na Projestus mwenyewe, mtu wa Muleba aliyehamia kwetu na lori lake, na nililiona likimtoka mkononi. Naandika haya mlango nimeufunga, kwa sababu lori hilo likipita mbele ya kwangu siku hizi linapunguza mwendo. Naogopa. Niliogopa siku ile, nikaogopa kabla yake, na sijui kama nitaacha. Lakini Mwalimu yuko hai. Amezuiwa kurudi kwake kwa karatasi ya mkutano wa kijiji yenye sahihi yangu, naye anataka kurudi nyumbani. Ndiyo sababu naandika.

Jina lake silitaji, na hapa Ihembe halihitajiki. Walimu tunao wengi, ila ukisema Mwalimu tu, bila kuongeza neno, kila mtu anajua unamsema yule mrefu wa baiskeli, aliyefundisha sayansi sekondari mpaka akastaafu na kurudi kwenye kibanja chake, shamba la migomba alilorithi. Alikuwa anatembea na rula mfukoni mwa shati kama wenzake wanavyotembea na kalamu. Alipima vitu. Ukimwambia mkungu umekuwa mkubwa, anauliza mkubwa kiasi gani. Ukisema mvua ilinyesha sana, anakuonyesha kopo lake alilolitia mistari. Kanisani aliimba besi vibaya kwa sauti kubwa, na mara moja alimsimamisha mchungaji katikati ya matangazo kwa sababu siku za juma hazikulingana na tarehe. Mchungaji alirekebisha, lakini hakufurahi. Jumamosi alikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, vikombe viwili. Cha tatu hakukigusa hata umshikie kinywani.

Watu walimheshimu zaidi kuliko walivyompenda. Kosa lake, na nalisema kwa sababu naye ana makosa yake, ni kwamba hakurudia jambo. Alikueleza mara moja, vizuri, kwa uvumilivu. Ukiuliza tena anakutazama kama mtu aliyekupa sufuria ukaiangusha. Mimi sikufika mbali shuleni, niliishia darasa la nne, kwa hiyo nilijifunza kusikiliza mara ya kwanza. Wengine hawakujifunza, wakaenda kuulizana wenyewe. Huko kwenye kuulizana ndiko mambo yalikoharibika.

Aliogopa radi. Hilo watu hawaliamini, mtu aliyekuwa akikesha akiwaza mambo ya angani. Wingu likitanda kutoka upande wa Rwanda, analaza baiskeli chini, anaingia nyumba yoyote iliyo karibu na kukaa sakafuni katikati ya chumba, magoti yamekutana, hazungumzi. Kaka yake alipigwa na radi akichunga. Siku moja alikuwa kwangu hivyo, nikamwambia kwa utani, "Mwalimu, unangoja mambo makubwa kuliko radi, mbona unajificha?" Akasema, "Ninalolingoja mimi haliui mtu, Mama Adela. Hili linaua." Nilicheka. Leo sicheki.

Sasa niseme alilokuwa analingoja.

Walikuja wageni wa chuo kikuu, wa kwetu na wa nje, wakatafuta watu wenye viwanja tambarare na njia ya gari. Waliweka mapipa tisa. Manne yalikuwa kwetu Ihembe, matatu Kihanga, mawili mbali upande wa Kyerwa, njia ya Murongo. Kila pipa ni tangi la plastiki jeusi refu kuliko mwanamume, limejaa maji yaliyochujwa mpaka yakawa kama hayapo. Ndani, juu, kuna macho ya kioo yanayotazama chini kwenye giza. Nje kuna boksi, paneli ya jua, na kijiti kinachozungumza na setilaiti kujua saa. Mwalimu alikuwa msimamizi wa yote. Mimi nilikuwa mlinzi wa pipa la nne. Kila asubuhi nilifuta vumbi kwenye paneli, nikaangalia taa ya kijani, nikashika mfuniko kuhakikisha hauchezi. Hakuna kufungua kwa sababu yoyote, hata kiangazi kikikausha kisima. Hilo nalo liliwauma watu, maji yote yale na hakuna anayekunywa.

Wiki za kwanza nililala vibaya. Alikuwa amenieleza kwamba kutoka mbali kabisa, nje ya nyota hizi tunazoziona, kuna vitu vidogo sana, chembe, zinazokuja kwa kasi ambayo hakuna kitu duniani kinachoifikia. Nyingi ni dhaifu. Lakini mara chache mno huja moja yenye nguvu ya kutisha. Ndogo kuliko vumbi la vumbi, alisema, lakini imebeba kishindo cha jiwe lililorushwa na mtu mzima. Ikigonga hewa huko juu inavunjika, vipande vyake vinavunja vingine, na vingine, mpaka inafika chini kama manyunyu yaliyotawanyika juu ya vijiji vingi kwa wakati mmoja. Kipande kikipita ndani ya maji kinatoa mwanga wa buluu, mdogo, wa kupepesa mara moja. Macho ya kioo yanauona.

Nikamuuliza kama vinatupata na sisi. Akasema, "Vile vidogo vinapita mkononi mwako hivi unavyozungumza. Vimekupita tangu ukiwa tumboni kwa mama yako." Yeye alisema hivyo kunituliza, maana yake kama vingekuwa na madhara tungeshakufa wote. Mimi niliingiza mikono ndani ya kanga. Siku nzima nilikuwa najisikia natobolewa.

Nikamuuliza tena, zinatoka wapi? Hapo ndipo uso wake ulipobadilika, ukawa wa kijana. Hatujui, alisema. Jua letu haliwezi kuzitoa, halina nguvu hiyo. Huenda ni nyota kubwa zinazokufa. Huenda ni katikati ya makundi ya nyota ya mbali, ambako kuna shimo zito linalomeza kila kitu, na kabla ya kumeza linarusha. Akanieleza kwamba chembe dhaifu zinapindishwa njiani, zinafika zikiwa zimepoteza zilikotoka, kama mtu aliyezungushwa macho yakiwa yamefungwa. Zile kali kabisa hazipindi sana. Ukizipata za kutosha, ukazifuata nyuma kwa mstari, utajua nyumba yao. Kwa hizo, alisema, eneo la kijiji kizima linaweza kukaa umri wote wa mtu bila kupata hata moja. Ndiyo maana mapipa yametawanywa.

"Na wewe una umri gani, Mwalimu?" nilimuuliza.

"Ndiyo maana ni mapipa tisa," akasema.

Boksi lilikuwa linapeleka habari lenyewe kwa wageni, lakini yeye alitufungia kila mmoja kengele ndogo ya umeme. Alisema mashine inajua, ila anataka na sisi tujue. Ikilia, unatazama saa na kumwandikia ujumbe kwenye simu. Likilia pipa moja peke yake, hajibu, hiyo ni kelele tu. Yakilia matatu kwa wakati mmoja, anakuja kwa baiskeli na karatasi. Sheria yake ilikuwa hiyo, na aliifundisha kila mahali, shuleni, kanisani, kwenye mabenchi ya kahawa: kitu kimoja kikitokea, nyamaza. Vikitokea vitatu pamoja, mbali mbali, basi vimetoka mahali pamoja. Mwanzoni wageni walilalamika kwamba saa za walinzi haziaminiki, zote zimekosea kwa saa sita. Sisi tuliandika saa nne asubuhi, mashine yao inasema saa kumi. Mwalimu aliwaambia warekebishe mashine. Hilo tulilicheka mwezi mzima.

Sasa nifike kwenye neno.

Vitabuni jambo hili linaitwa mionzi. Mwalimu alilikwepa neno hilo, na alikuwa na sababu. Huku kwetu mionzi ni ile ya hospitali kubwa, ya wagonjwa wa saratani. Dada yangu alipelekwa, akarudi ngozi ya shingo imeungua nyeusi. Kwa hiyo siku alipopewa nafasi kanisani kueleza mapipa, hakusema mionzi. Alitafuta kitu ambacho kila mtu anakijua, akasema, "Ni kama tunavyonasa senene."

Kama hukuzaliwa Kagera nitakueleza. Msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, watu wanasimamisha mabati, chini ya mabati wanaweka mapipa, na juu wanawasha taa kubwa kali. Senene wanapita juu kwa maelfu, wanaona taa, wanashuka, wanagonga bati, wanateleza mpaka ndani ya pipa. Tunawakaanga, tunawala, tunawapelekea wakwe. Mwalimu mwenyewe hakuwala, walimtoa vipele. Watu walicheka kanisani, wakaelewa, wakapiga makofi. Kuanzia hapo yakaitwa mapipa ya senene wa anga.

Hakuna aliyemwambia, na mimi pia sikumwambia, kwa sababu sikuliona: pipa la senene halingoji. Linaita. Bila taa hupati hata mmoja. Kila mzee, kila mtoto wa Ihembe anajua kwamba anayenasa senene ndiye anayewashusha.

Kisha mnyauko ukaja.

Mtu ambaye hakulelewa na ndizi hataelewa hofu ile. Unaamka, majani ya mgomba yamelegea kama nguo iliyoloa. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizimenya ndani ni kahawia, ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Leo mgomba mmoja, wiki ijayo kumi. Kibanja alichopanda babu wa mume wangu kilikuwa kinakufa mbele ya macho yangu, na mume wangu mwenyewe amezikwa humo. Nilikuwa nakata, nachimba, nazika mashina. Usiku na mchana nilijiuliza tutakula nini. Na ulianzia kwangu. Kwangu, na kwa wenzangu watatu wa Ihembe wenye mapipa, kisha Kihanga, kwa wale watatu.

Mwalimu alikuja na rula yake. Hakusema pole kwanza, alipima. Alizunguka vibanja siku nyingi, akachora barabara. Halafu akaniita nje, akanionyesha karatasi. Wageni wa chuo walitaka njia ya gari, wakachagua vibanja vinavyofikiwa na gari. Lori la Projestus nalo linataka njia ya gari. Vijana wake wanaingia kibanja cha kwanza, wanakata mikungu kwa panga, wanaingia cha pili kwa panga lile lile, halijaoshwa, lina utomvu wa mgomba mgonjwa. Barabara ndiyo iliyoweka pipa kwangu, na barabara ndiyo iliyoleta panga. Nilielewa mara moja. Ndiyo nasema mimi nilielewa, na nitakuja kulijibia hilo.

Mkutano wa kijiji uliitwa uwanja wa shule, saa tisa alasiri. Mwalimu alisimama akasema yote wazi: kila nyumba ikate ndizi zake kwa panga lake, panga lipitishwe motoni kwanza au lioshwe kwa dawa ya madoa, na vijana wa lori wasiguse mgomba wa mtu. Alimtaja Projestus kwa jina, huku Projestus mwenyewe amekaa pale mbele kwenye kiti karibu na mwenyekiti Sosthenes.

Projestus hakukasirika. Alisimama taratibu, akatoa shikamoo. Alikuwa mtu wa maneno laini.

"Mwalimu, mimi ni mwanao, nisaidie nielewe. Nani alitufundisha kwamba vitu vikitokea pamoja sehemu mbali mbali, vimetoka mahali pamoja?"

"Mimi," Mwalimu akasema.

"Pipa kwa Mama Adela, mnyauko kwa Mama Adela. Mapipa Kihanga, mnyauko Kihanga. Sasa nani alisema mapipa haya yananasa vitu vya angani kama senene?"

"Mimi."

"Senene wanaingia pipani wenyewe, waitu, mzee wetu, au wanaitwa?"

Mtu mwingine angedanganya. Angesema lolote. Yeye nilimwona anatafuta jibu lililo sahihi, na jibu sahihi lilikuwa lile lile moja. "Wanaitwa," akasema. "Lakini mapipa yetu hayaiti. Nilikosea mfano."

Uwanja mzima uliguna. Si kelele, ni ule mguno wa chini, kama ng'ombe wengi wakisogea. Alianza kueleza barabara, akainua karatasi yake, na Sosthenes akasema muda umekwisha, ana mambo mengine ya kijiji. Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Nilijua habari ya barabara yote. Wanawake wawili waligeuka kunitazama mimi, mwenye pipa, na nikatazama miguu yangu. Sosthenes naye alijua, kwa sababu Mwalimu alikuwa amemwonyesha karatasi ile jana yake ofisini kwake. Aliiona kabla ya mkutano. Anaijua mpaka leo.

Mwalimu aliwapigia wageni wa chuo waje wenyewe wawaambie watu. Mkubwa wao alisema yuko safarini, Mwalimu amtumie ujumbe. Alituma. Akapiga tena, wakasema baada ya mvua. Siku hizo hizo, kabla ya ile Jumapili, kengele yangu ililia mchana nikipepeta maharage. Nikatazama saa, nikaandika. Baada ya muda Mwalimu akaja anakanyaga baiskeli kama kijana. Mapipa saba, akasema. Saba, kwetu, Kihanga na Kyerwa, kwa wakati mmoja. Wageni wale, waliokosa nafasi ya kuja kuzungumza na watu, walimwandikia siku ile ile kumpongeza. Waliahidi watamwambia imetokea upande gani wa anga.

Majirani waliona anavyofurahi. Kijiji kinakufa njaa na mzee huyu anacheka peke yake barabarani. Jumapili iliyofuata walikuja. Alifika kwangu mbio kabla yao kidogo, akaniuliza kama anaweza kukaa bandani mpaka wapite. Nilimwambia karibu. Hayo mengine nimeshayasema.

Alipona hospitali, jicho moja likabaki. Mimi siku ya tatu nikiwa zahanati, mkono umefungwa, Sosthenes akaja na kitabu cha mihtasari. Imeandikwa kwamba mkutano umeazimia Mwalimu asirudi kukaa Ihembe kwa kuleta madhara kwenye mashamba, na kwamba mlinzi wa pipa amekiri alikatazwa kulifungua ili watu wasione kilichomo. Akanipa kalamu. Sitajitetea kwa shule ndogo. Darasa la nne linatosha kusoma unachokitia sahihi. Nilisoma mpaka mwisho, nikatia.

Mapipa yote yalivunjwa. Mnyauko haukuondoka. Ulipungua pale tu ambapo watu, kimya kimya, bila kumtaja, walianza kuchoma mapanga yao kabla ya kukata na kuwazuia vijana wa lori mlangoni. Leo ukienda Ihembe utaona karibu kila nyumba ina panga lake la ndizi limetundikwa peke yake. Waulize nani aliwafundisha. Watakwambia redio.

Mwezi uliopita nilikwenda Murongo, anakoishi Mwalimu kwa Oliva, binti wa dada yake, anayeshona nguo karibu na mpaka. Bodaboda alinishusha kwenye foleni ya malori. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa alivyokuwa. Amekonda, amekaa kwenye ngazi ya nyuma, jicho la kushoto nalo limeanza kuingia ukungu. Nilimpa shikamoo. Akaitambua sauti, akasema marahaba, mlinzi wa maji, umekuja na nini? Nilikuwa nimembebea matoke. Akayashika moja moja kwa vidole, akauliza yametoka kibanja gani, na kama panga lilipita motoni. Nikasema lilipita. Akafurahi, kweli akafurahi, na hilo lilinitesa kuliko angenitukana.

Nikamuuliza kama wageni walimjibu. Hapana, alisema. Ile ya mapipa saba hajui ilitoka upande gani. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyekosa gari, halafu akageuzia uso ukutani kwa muda.

Nikamwambia. Nilisema ni mimi niliyewaonyesha bandani.

"Najua," akasema. "Mbao za banda zina nyufa. Nilikuona."

Nikaanza kulia, nikasema niliogopa. Akasema hata yeye aliogopa, alikuwa amejikojolea nyuma ya magunia, wala hakunikasirikia kwa kile kidevu. Kisha akanigeukia na jicho lake lile.

"Lakini karatasi hukuitia sahihi ukiwa na shoka mbele yako, Mama Adela. Ulikuwa kitandani. Hilo ndilo nashindwa kulipima."

Akasema mkewe amezikwa kwenye kibanja chake cha Ihembe, naye ametengewa nafasi ubavuni kwake, na Oliva ana watoto wengi na chumba kimoja. Anataka kurudi. Hataki kurudi kwa huruma wala kwa kujificha. Anataka waliomzuia wamwambie sababu, iandikwe, aisome akiwa bado anaona.

Nimekwenda ofisi ya kijiji mara tatu kusema nafuta maneno yangu. Mara ya kwanza kitabu kimefungiwa. Mara ya pili mwenye ufunguo amesafiri. Mara ya tatu Sosthenes alinisindikiza mpaka nje, akaniambia polepole, karibu na sikio, kwamba nina mkono mmoja mzima, niutunze.

Basi naandika hapa, kwa mkono huo huo mzima. Niliyoyatia sahihi zahanati ni uongo, na jina langu ni langu, nalitoa kwenye karatasi hiyo. Projestus alibeba mnyauko kwa mapanga yake na akarusha jiwe. Wageni wa chuo walichukua walichokitaka wakamwacha mzee peke yake na watu wenye hofu. Mimi nilionyesha, kisha nikatia sahihi. Wewe, Sosthenes, ulioneshwa ramani ya barabara siku moja kabla ya mkutano, mkononi mwako, mezani kwako, ukaijua kweli, ukanyamaza, ukasema muda umekwisha. Simama mchana uwanja wa shule, useme kwa Kinyambo, lugha yetu, bibi zetu wasikie: Mwalimu alifanya kosa gani? Kama lipo, liandike umpelekee Murongo. Kama halipo, kwa nini mpaka leo hawezi kurudi kwake? Nijibu.